Mguu wa Chiriku

Kila siku cherehani ya mama ilianza kulia kabla chai haijachemka. Chiriku alipokuwa mzima alishindana nayo kwa maneno, na ndivyo alivyolipata jina lake. Sasa alikuwa amelala chumba cha ndani na korona yake, na nyumba ilibaki na sauti ya cherehani peke yake.

Homa ilikuwa imeshuka, lakini uchovu ulimganda mwilini. Hata kugeuka kitandani ilikuwa kazi. Mama naye alikuwa hoi. Sare za shule zilirundikana mezani zikimsubiri, na kila akikaa kushona ilimbidi ainuke kumtazama mgonjwa. Alivaa barakoa, lakini macho yake mekundu yalisema yote.

"Umekunywa maji?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Nimekunywa."

"Umeinuka ukatembea kidogo, kama tulivyoambiwa?"

"Nimetembea, mama."

Yote mawili yalikuwa uongo. Jagi lilikuwa limejaa vilevile, maana kunywa maji ni kwenda msalani, na kwenda msalani ni kukanyagia mguu wa kushoto. Mguu huo ulikuwa umevimba kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti, una joto, na unauma. Chiriku alijiambia kwamba ni uchovu wa kukanyaga cherehani siku alizokuwa akimsaidia mama. Kisha akachukua kipande cha kitambaa cha sare, akaufunga kwa kuukaza ili uvimbe usionekane. Mtoto wa fundi hakosi kitambaa. Alimwonea mama huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Aliyegundua ni bibi mzaa mama, alipokuja kubadilisha shuka. Alikifungua kile kitambaa, akauangalia mguu, akaguna.

"Umeteguka huu. Nileteeni mafuta ya moto niukande."

Alipoubonyeza tu, machozi yalimlengalenga Chiriku. Mama akaingia, utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Mama, ngoja kwanza," alimwambia bibi.

"Ningoje nini? Nimekanda miguu ya ukoo huu mzima, na wote mnatembea."

"Mtu aliyelala tu kitandani anateguka vipi?"

Bibi akasogea. Mama akauzungusha utepe kwenye mguu wa kulia, halafu kwenye wa kushoto. Akarudia, ingawa kwa kawaida yeye hupima mara moja tu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeuzidi mwenzake kwa mbali. 

"Ulianza lini?"

"Kabla homa haijashuka," Chiriku akanong'ona. "Na maji sikunywa. Wala sikutembea."

Mama hakugomba. Aliziacha sare pale pale mezani, wakaenda hospitali.

Daktari aliupiga mguu picha kwa mashine inayoonyesha mishipa, kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Korona inaweza kuifanya damu igande ndani ya mshipa," alisema. "Kwa watoto haitokei mara nyingi, lakini hutokea, hasa mgonjwa akilala tu bila kunywa maji. Hapa kuna bonge la damu. Mngeukanda huu mguu, lingeweza kung'oka likaenda kuziba mapafu. Tutampa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Mmewahi."

Bibi aliitazama mikono yake, akaificha ndani ya khanga. 

Chiriku alilazwa, akachomwa sindano mpaka akazizoea. Uvimbe ulipopungua akaanza kutembea ukumbini, hatua za kizee, huku mama amemshika mkono.

"Nilikuona umechoka, mama. Sikutaka kukuongezea."

Mama alikaa kwenye benchi. Kweli alikuwa amechoka, na hakujaribu kuficha.

"Nisikilize, mwanangu. Nguo nikiikosea naifumua, nashona upya. Wewe nikikupoteza, nitafumua nini? Uchovu wangu nikilala unaisha. Mwili ukikuuma, sema, hata ukinikuta nimesinzia juu ya cherehani. Kunificha maumivu yako si kunisaidia."

Chiriku akaketi kando yake.

"Basi mguu umepoa, ila kisigino kinawasha, na ile sindano ya asubuhi iliniuma, na uji wao hauna sukari, na..."

Mama akamwegemea begani, akafumba macho. "Endelea," alisema. "Nakusikia."