Kifurushi Kilichogoma Kujibu

"Usizime!"

Muuguzi aliyekuwa masomoni aligutuka, mkono ukiwa tayari kwenye waya wa umeme wa kompyuta yake. Maktaba ya chuo ilifurika watu, na yeye, ndani ya gauni lake la kijani, alikuwa analoa jasho.

"Saa nzima naongeza vifurushi, vile vipande vya ziada, kwenye programu ya takwimu. Imeganda!"

"Haijaganda, dada, inashusha vitu kutoka mtandaoni. Subira tu." Fundi wa kompyuta, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, akatabasamu. "Dripu ikienda polepole, unaichomoa?"

Muuguzi akacheka bila kutaka. Dakika kumi baadaye kazi ikakubali, na wakabadilishana namba za simu. Jamani, mapenzi yalinoga!

"Umeamkaje, daktari wa moyo wangu?"

"Mimi muuguzi, mwongo wewe!"

Mwezi wa nane wa mapenzi yao, fundi akamtumia kifurushi cha programu alichokitengeneza kwa mkono wake. "Kiweke, mpenzi. Kina neno langu."

Ijumaa muuguzi akakiweka. Skrini ikatulia tuli. Mwanafunzi mzuri huyo wa subira hakugusa kitu, hata kuihamisha kompyuta aliogopa.

Jumamosi simu ikalia. "Umekifungua?"

"Nimekifungua."

"Halafu?"

"Nasubiri, mpenzi. Si ulinifundisha subira?"

Jumapili fundi akauliza tena. "Bado," muuguzi akajibu, "usiniharakishe." Moyo wa fundi ukafa ganzi.

Jumatatu alipiga kwa sauti nzito. "Nimeelewa. Nimepata kazi mji mwingine, kesho naondoka."

"Unaondoka? Nimekukosea nini?"

Simu ikakatwa.

Muuguzi alitoka wodini akiwa na sare yake, akapita nyumbani, akaingia ofisini kwa fundi mbio, kompyuta kifuani, bado inawaka.

"Unaniacha kwa kosa gani?"

"Siku tatu nimekuuliza, hutaki kujibu!"

"Umeniuliza nini? Kifurushi chako kibovu kimeganda!"

Fundi akaipokea kompyuta. "Kimeganda?"

Akalisogeza pembeni dirisha kubwa la programu. Nyuma yake kidirisha kidogo kilikuwa kimejibanza tangu Ijumaa: *Utaolewa nami? Ndiyo. Hapana.*

"Mungu wangu!" Muuguzi akashika mdomo. "Fundi mzima, unatunga swali linalojificha?"

"Kwangu lilikaa mbele! Naapa!"

Machozi yakimtoka, muuguzi akasogeza mshale haraka na kubonyeza.

*Hapana.*

Kidirisha kikatoweka. Fundi akashika ukuta.

"Siyo! Siyo hiyo! Mkono umeteleza! Kianzishe upya, haraka!"

"Hakirudii," fundi akanong'ona. "Nilikitengeneza kiulize mara moja tu."

"Basi kipotelee mbali! Niulize wewe, kwa mdomo wako!"

Fundi akamshika mkono.

"Je, uta..."

"Ndiyo, bwana! Ndiyo!"