Chupa Aliyoiosha Kokubanza

Kokubanza alimenya ndizi kwa hasira mpaka maganda yakatoka na nyama. Tangu chemchemi iliyo chini ya kibanja chao, shamba lao la migomba, ifungwe, alichota maji bondeni, mbali. Majirani zake hapo Rubya walimkwepa, eti amewanywesha maji yenye sumu. Na kesho mafundi walikuwa wanakuja kuiziba chemchemi kabisa kwa saruji.

Mchana akaja Nancy wa maabara ya maji. Ndiye aliyemwachia chupa ya sampuli, na ndiye aliyesema maji yana risasi, madini yaliyomo kwenye betri za gari.

"Karibu, waitu," alisema Kamala, mume wa Kokubanza, kwa adabu ya Kihaya.

"Unamkaribisha wa nini?" Kokubanza alifoka. "Aeleze kwanza. Risasi imetoka wapi?"

"Hilo ndilo lililonirudisha, mama. Chemchemi za jirani hazina. Uliijazaje ile chupa?"

"Niliiosha, nikajaza."

"Uliiosha na nini?"

"Majivu na mchanga. Nikaitikisa mpaka ikang'aa. Ulitaka nikupe maji kwenye chupa isiyooshwa? Mimi si mchafu."

Nancy akashika kichwa. "Mama, ile chupa tulishaiosha kwa asidi. Mashine yetu inanyunyizia maji kwenye gesi yenye joto kali kupita moto wowote wa jikoni. Kila kitu kinavunjika kuwa chembe ndogo kabisa. Inazitenga kwa uzito na kuzihesabu. Vumbi usiloliona, inaliona. Na mchanga huwa na risasi kidogo."

"Kwa hiyo mmepima mchanga wangu. Mbona hukuniambia nisiioshe?"

"Sikukuambia. Kosa ni langu."

"Ni lako kweli. Nimebeba ndoo kwa kosa lako. Nimetengwa kwa kosa lako. Piga simu, hao mafundi wasije."

Nancy akapiga. Wakashuka chemchemini. Nancy alivaa glavu safi, akafungua chupa mpya palepale, akaijaza bila kugusa mdomo wa chupa, akaifunga. "Msinywe mpaka majibu yatoke," alisema.

Majibu yalitoka: maji ni salama. Chemchemi ikafunguliwa. Majirani wakaja na ndoo zao, wakicheka kwa aibu.

Kokubanza hakucheka. Alisimama njiani na kuwaeleza wote: chupa ya sampuli haioshwi, haifutwi, haiguswi ndani. Gaudiosa, jirani aliyekuwa wa kwanza kumwita mwenye sumu, akasema ana haraka.

"Rudia kwanza nilichosema," Kokubanza alimwambia. "Kwa sauti, wote wasikie. Ndipo uchote."