Cheti Kisichoulizwa Jina

"Maharage yamechemka. Epua kabla ya saa tisa."

Zita Margwe alisoma ujumbe huo kwenye Nokia yake, akaufuta, akabeba ndoo ya kudekia.

Saa nane na dakika ishirini mchana, mjini Katesh.

Idara ya upelelezi ilikuwa na makachero vijana wenye miwani ya jua na vifua vya wanyanyua vyuma. Wote walikuwa bado Babati, wakisubiri gari litiwe mafuta. Zita alikuwa na miaka hamsini na sita, goti moja bovu, na kitenge cha mhudumu wa nyumba ya wageni. Ndani ya ndoo, chini ya dekio, ililala redio ya Motorola na bastola ya Browning, zote zimefungwa kwenye nailoni. Maji ya sabuni hayana heshima kwa silaha.

Chumba namba saba alikaa mtu aliyejiita Hilary Bura, ofisa mifugo.

Nyuma ya nyumba yalisimama malori mawili ya Fuso. Ndani yake walikuwamo ng'ombe sitini na wanne wa Bibi Marieta wa Getanuwas, walioibwa juzi machungani. Mjane yule hakuwa na kitu kingine duniani. Wakivuka mpaka, watakuwa nyama ya kopo kabla ya Jumapili.

Kukamata malori hata mgambo angeweza. Wakubwa walitaka na majina ya wanunuzi wa ng'ambo, na majina yalikuwa kwenye kompyuta ya Hilary. Akishtuka tu, atayafuta.

Vibali vya kusafirisha mifugo vilitolewa na mradi mmoja wa wataalamu wa kuvaa tai na kunywa soda. Kuingia kwenye kompyuta yao ulipita VPN, njia ya siri, ukaonesha cheti cha kidijitali. Ulinzi wa ajabu, walisema wenyewe, na wakapigiana makofi. Kumbe programu ile iliangalia muhuri tu. Jina haikusoma. Ni kama mlinzi wa harusi anayeona kadi ina muhuri wa parokia, basi anamwingiza ndani mtu asiyemjua bwana harusi wala bibi.

Hilary alinunua cheti cha muuza chumvi ya mifugo. Tangu Pasaka muuza chumvi akawa anatoa vibali vya ng'ombe, na hakuna mwenye tai aliyeshangaa.

Zita aligonga, akaingia na chupa ya chai.

"Mambo," alisema Hilary, macho kwenye kompyuta.

Kijana wa miaka thelathini.

"Mwanangu, huku kwetu tunaanza na shikamoo."

"Haya, shikamoo. Weka hapo."

"Marahaba. Bura wa wapi wewe? Wa kijijini Daudi au wa Mbulu mjini?"

"Wa mjini."

"Baba yako nani?"

Hilary akaacha kuandika.

"Kwani wewe polisi?"

"Polisi anadeki? Inua miguu."

Akainua. Zita alideki chini ya meza taratibu, akimdharau kwa moyo wote. Kitambulisho alichoonesha mapokezi kilikuwa safi, muhuri unang'aa, lakini mtoto wa Mbulu asiyejua kujitambulisha kwa jina la baba yake hajazaliwa bado.

Akatoka. Kwenye korido akaingiza mkono ndooni.

"Onesphory."

"Nakupata, mama."

Fundi Onesphory alikuwa mapokezi, amejifanya anatengeneza kisanduku cha intaneti cha nyumba ile.

"Umeweka mlango wetu wa bandia?"

"Umekaa katikati yake na mradi. Kila anachotuma kinapita kwangu kwanza. Cheti nimeweka cha saluni ya shemeji yangu, nacho kina muhuri wa mradi."

"Hatashtuka?"

"Programu ni ileile, mama. Imeona muhuri, imefungua. Yeye mwenyewe hajatazama jina."

"Mwizi na aliyeibiwa, akili moja. Kibali andika nilivyokuambia."

Saa tisa kasoro dakika tano, printa ya namba saba ikakohoa. Hilary akachungulia muhuri, akampa dereva wake Wolfgang karatasi mlangoni.

"Ondoka."

Wolfgang naye alitazama muhuri. Malori yakaunguruma.

Redio ikasema, "Amewaandikia wanunuzi kwamba mzigo umeondoka, orodha yote imeingia. Wanunuzi kumi na mmoja, na simu zao."

Zita akarudi namba saba. Safari hii hakugonga. Browning ilikuwa mkononi, bado ndani ya nailoni.

"Mikono juu ya meza. Usiguse hata herufi moja."

Hilary aligeuka kijivu. Halafu akacheka.

"Umechelewa, mama. Ng'ombe wana kibali halali."

"Halali kabisa. Kinasema mmiliki ni Marieta, waendako ni Getanuwas. Pale kizuizini kuna koplo anayesoma mpaka mstari wa mwisho. Atawasindikiza."

Hilary akaitazama printa.

"Ungekisoma," alisema Zita. "Lakini ulisoma muhuri."

Saa kumi na moja vijana wa Babati wakafika na miwani yao. Wakamkuta Hilary amefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, sakafu inang'aa. Wakati huohuo, Getanuwas, Bibi Marieta alikuwa akishusha ng'ombe wake, kila mmoja akimwita kwa jina.

"Mama, vipi, kuna hatari yoyote?" aliuliza mkubwa wao.

"Ipo. Hapo pamelowa, usiteleze."

Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Chupa ya chai alibeba pia. Hilary hakuwa ameigusa.