Chungu Kidogo cha Lugano

Asubuhi hiyo vyungu kumi na viwili vilianikwa uani kwa Bibi Felista, karibu na gulio la Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa. Bibi Felista ni mfinyanzi. Mkwe wake, Tulinagwe, alikaa kibarazani. Alikuwa amechoka, lakini anacheka. Nani asingecheka? Wiki tatu zilizopita alijifungua mapacha: Gwamaka, wa kiume, na Lugano, wa kike. Kila aliyekwenda gulioni alipita kwanza kuwaona.

"Mumeo Gidion aliomba mmoja tu," majirani walimtania. "Umempa na nyongeza!"

"Na nyongeza ya nepi ataifua mwenyewe," Tulinagwe alijibu.

Pembeni palikuwa na chungu cha kumi na tatu. Kilikuwa kidogo, kama ngumi ya mtu mzima. Hicho hakikuwa cha kuuza. Bibi Felista alikifinyanga kwa ajili ya Lugano, na ndani yake mlikuwa na maji ya mchele.

"Mama mmoja hatoshi watoto wawili," Bibi Felista alisema tangu siku ya kwanza. "Mchele wetu wa Kyela watu wanaufuata kutoka Dar es Salaam. Utamshinda mtoto?"

Tulinagwe alikubali. Mwanzoni aligawa: titi la kulia la Gwamaka, la kushoto la Lugano. Lakini Gwamaka alinyonya kwa nguvu na kulia akitaka zaidi. Akapewa yote mawili. Lugano alichoka upesi. Akapewa maji ya mchele kwa kijiko, akalala.

"Huyu mpole kweli," watu walisema.

Mama mwenzangu unayesoma, hapo ndipo pa kuogopa.

Siku hiyo alikuja Neli, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Ugonile, mama," alimsalimu Bibi Felista kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Karibu uwaone wajukuu."

Neli akampakata Lugano. Akamtazama mdomo. Akauliza, "Tangu jana huyu amekojoa mara ngapi?"

Tulinagwe akahesabu kwa vidole. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu hakikufika.

"Na Gwamaka?"

"Huyo? Ananilowesha mpaka magoti!"

Neli hakucheka. "Twendeni zahanati. Sasa hivi, siyo kesho."

Gidion aliacha nyavu zake, akaita bodaboda mbili. Lugano alizaliwa na kilo mbili na nusu. Kwenye mizani ya zahanati alikuwa na kilo mbili na robo. Tulinagwe alimtazama Gwamaka, kisha Lugano. Je, atarudi nyumbani na wote wawili?

Mganga alimpima Lugano kila mahali. Hakuona ugonjwa.

"Mtoto huyu ana njaa," alisema. "Mumlete tena keshokutwa nimpime uzito. Akizidi kulegea, msingoje, mlete hata usiku."

"Njaa?" Bibi Felista alishangaa. "Mimi mwenyewe namshibisha!"

Neli akamjibu kwa upole. "Mama, umemjaza maji. Tumbo lake ni dogo. Maji ya mchele yakiingia, maziwa yanakosa nafasi. Na titi lisiponyonywa linapunguza maziwa. Ndiyo maana mkaona hayatoshi."

"Kwa hiyo yanatosha wawili?" Tulinagwe aliuliza.

"Wakinyonya wawili, mwili unatengeneza ya wawili. Mpaka miezi sita, maziwa yako tu. Hata maji usiwape, isipokuwa dawa utakayopewa hapa. Na usiwagawie matiti. Wabadilishane. Gwamaka ana nguvu, anayaita maziwa. Mwenzake naye afaidi."

"Lugano anasinzia kabla hajashiba."

"Mkune nyayo. Yakipita masaa mawili au matatu hajanyonya, mwamshe. Akichoka kabisa, kamua maziwa, umnyweshe kwa kikombe safi. Hesabu nepi. Tunataka sita au zaidi kwa siku."

"Dada Neli, mikono yangu ni miwili tu!"

"Basi wanyonyeshe pamoja. Mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, miguu ielekee mgongoni."

Tulinagwe akajaribu. "Wanateleza kama kambale!"

Bibi Felista alitazama kwa makini. Walipofika nyumbani alikusanya majani makavu ya migomba na vitenge vya zamani. Akasokota ngata, ile ya kuweka kichwani chini ya chungu. Lakini hii ilikuwa kubwa kama tairi. Akaifunga kiunoni kwa Tulinagwe na kuwalaza watoto juu yake, mmoja kila upande. Wakatulia. Gwamaka akashika titi. Lugano akakunwa nyayo, naye akashika. Wote wakamsikia akimeza. Gu. Gu. Gu.

"Mama," Gidion aliuliza, "ngata hii ni ya chungu gani?"

"Cha miguu minne," Bibi Felista alijibu. Wakacheka mpaka Tulinagwe akafuta machozi.

Tangu siku hiyo Gidion alichota maji na kufua nepi. Alizianika kando ya nyavu. Wavuvi wenzake wakamzomea, "Leo umepata samaki weupe!" Yeye aliendelea kuhesabu. Nne. Sita. Nane. Keshokutwa yake, kule zahanati, mizani ilikuwa imepanda kidogo. Baada ya wiki mbili Lugano alikuwa na kilo mbili na gramu mia saba. Upole ukaisha. Alilia hadi Yohana, jirani wa nyumba ya tatu, akaja kuuliza kuna nini.

"Anadai haki yake!" Tulinagwe alisema.

Na chungu kidogo? Bibi Felista alikiosha, akakiweka juu ya kabati. Kila Neli alipopita, Bibi Felista alimuuliza, "Bado?"

"Bado, mama."

Lugano alipotimiza miezi sita, Bibi Felista alikishusha. Safari hii alitia uji mzito wa mchele na karanga zilizosagwa vizuri.

"Sasa?"

"Sasa, mama. Na kunyonya kuendelee."

"Ndaga fijo!" Bibi Felista alishukuru. Lugano akaonja, akakunja uso, akafungua mdomo tena. Gwamaka akanyoosha mkono na kukishika chungu cha dada yake.

Bibi Felista akacheka. Akanyanyuka, akaenda kukanda udongo wa chungu cha pili.