Akiba Iliyofungiwa Kufuli

Jamani, nisikilizeni. Jioni moja mkulima wa nyanya na mkewe walikaa mlangoni wakipukuchua maharage, mama mzee, mzazi wa mume, akiwatania kwamba kwa kasi ile watakula kesho. Nyumba ilikuwa na kicheko, na sababu ilikuwepo. Bwawa la pale kijijini liligawanywa mafungu: wakulima, wafugaji na wafyatua matofali, kila kaya na fungu lake. Asiyemaliza maji yake, yalibaki humo yakimngoja hadi kiangazi. Basi hawa wawili walijibana. Walilima kipande kidogo tu ili kiangazi, nyanya zikiwa adimu, wamwagilie shamba zima.

Kiangazi kikaja, miche ikatoa maua, mfereji ukakauka ghafla. Mume akakimbilia lango la bwawa, akakuta kufuli jipya. Ufunguo alikuwa nao kaka yake mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Kaka, mbona umetufungia?"

"Fungu lenu limekwisha."

"Limekwishaje? Tumelitunza tangu mvua!"

"Ndiyo hivyo, maji yalikuwa yamekaa bure. Nimewapa wafyatua matofali, wana haraka."

"Yamekaa bure? Kaka, ile ni akiba yetu!"

"Usinipandishie sauti. Mimi ni mkubwa wako."

Hebu niambieni nyinyi mnaonisikiliza: ukiweka unga ndani, jirani ana ruhusa ya kuuchota kwa kuwa hujaupika? Na kwa nini hakuna aliyeuliza jinsi mwenyekiti alivyopata matofali ya kujengea nyumba ya pili? Tuliona. Tulinyamaza. Aibu yetu sote!

Mke alibeba ndoo kutoka kisimani mpaka mgongo ukagoma. Haikusaidia kitu. Maua yakapukutika, miche ikakauka imesimama. Mume akafunga mzigo wake, akaenda mbali kutafuta kibarua. Binti yao akaacha shule ili amsaidie mama yake.

Siku ya mkutano, mke yule akasimama mbele ya wote.

"Shemeji, tueleze. Maji yetu uliyagawa kwa idhini ya nani?"

"Mambo ya ukoo tutayaongelea nyumbani."

"Nyumbani hakuna mtu! Mdogo wako yuko wapi?"

Wafugaji walikuwa wakicheka pembeni. Mmoja wao akauliza, "Na akiba yetu sisi?" Kicheko kikakatika. Wakaenda wote bwawani, wakalivunja kufuli, wakakuta tope tupu. Mwenyekiti wakamvua cheo palepale, lakini tope halimwagilii shamba.

Wiki iliyofuata mwenyekiti huyo wa zamani alimpelekea mama yake kapu la nyanya za sokoni. Mama mzee hakulipokea.

"Mpelekee mke wa mdogo wako, umwombe radhi."

"Mama, mimi nimekuletea wewe."

"Na mimi nimekwambia pa kuzipeleka."

Akalibeba kapu lake akaondoka. Kwa shemeji yake hakwenda. Mume naye hajarudi hadi leo.

FUNZO

Maji aliyoyaweka mtu kwa kujinyima ni mali yake, hata kama hajayagusa. Anayeyagawa kwa siri ni mwizi, awe kaka, awe mwenyekiti. Nasi tunaonyamaza kwa kuwa zamu yetu haijafika, tunamshikia mwizi ndoo.