Bega la Nusu Inchi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima tulimwita Nusu Inchi. Ukimpelekea suruali anaipima mara tatu, kisha anakupima wewe tena, utadhani umenenepa ukiwa mlangoni pake. Nilikuwa namwambia, "Shemeji, wewe siku ukifa utaamka kulipima kaburi." Alikuwa anacheka sana. Utani huo nautaja hapa mwanzoni ili nisiulizwe huko mbele.

Jumanne moja asubuhi alikwenda zahanati kwa ajili ya kizunguzungu. Daktari akachukua fomu. Baba yako alikufa na nini? Hajui. Akiwa na miaka mingapi? Arobaini na tisa. Na babu? Arobaini na tisa, alisikia hivyo.

Daktari akaweka kalamu chini. "Na wewe una mingapi?"

Arobaini na tisa.

"Nenda kwenu ukaulize," daktari akasema. "Dawa nitakupa, ila kwanza nijue natibu nini."

Kwao alikuwa hajawahi kufika. Baba yake aliondoka kule kijana, na kila alipoulizwa alijibu jambo moja: "Kule sikuacha hata shati." Sisi tulidhani anasimulia ufukara.

Tukasafiri siku mbili, mimi nikiwa msindikizaji na kelele za njiani. Tulifika saa nne asubuhi, jua limewaka, kuku wanaparura uani. Hodi yetu haijaisha, mlango ukafunguliwa na shangazi yake, dada wa baba, bibi mkavu kama ukuni. Alimtazama shemeji mabegani kwanza. Usoni baadaye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hakukukanya usije?"

"Naumwa, shangazi. Nataka kujua tunakufa na nini."

Akatupeleka chumba cha nyuma. "Jibu limo humu. Soma kwa macho. Kalamu usishike." Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Mle ndani kulikuwa na meza ya kukatia, mkasi mkubwa, na cherehani ya miguu, nyeusi, inang'aa mafuta. Shangazi alikuwa ametudokeza mlangoni: babu wa babu yake alikuwa fundi. Shemeji akasimama pale machozi yanamtiririka. Miaka yote alidhani kazi ile aliiokota mjini, kama mtu anavyookota kifungo. "Kumbe mikono hii ina kwao, shemeji," akaniambia.

Juu ya meza kulikuwa na daftari la vipimo. Kila ukurasa mwanamume mmoja wa ukoo. Akafika kwa baba yake. Kiuno: 36. Chini yake, 33. Chini yake, 29. Halafu 25.

Akaacha kugeuza.

"Suruali zake nilizipunguza mimi," akanong'ona. "Alipokuwa amelala hospitali. Ishirini na tano ndiyo ya mwisho."

Hospitali ile ilikuwa mwendo wa siku mbili kutoka pale.

Nikaogopa. Na mimi nikiogopa, mdomo unatangulia. Nikapaza sauti kuelekea jikoni: "Shangazi, mbona mimi simo? Mkwe hapimwi?"

Vikombe vikanyamaza jikoni.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa shemeji mwenyewe. Shingo, sahihi. Kifua, sahihi. Mkono, sahihi. Bega: 17½.

"Wamekosea," akasema. "Bega langu ni kumi na nane."

Mtu aliyeitwa Nusu Inchi hawezi kuona kipimo kibovu akakipita. Penseli ilikuwa sikioni, mahali pake pa siku zote. Kabla sijamdaka mkono, alishakata ile tarakimu. Ameandika 18.

Pedeli ya cherehani ikashuka. Ikapanda. Mara moja tu.

Shangazi alikuwa mlangoni. Hakuwa na chai.

"Umeandika?"

"Nimesahihisha tu, shangazi."

"Bega lako alikuwa halijui," akanong'ona. "Shati limesubiri bega hilo miaka yote hii."

Huyo asiyelijua alikuwa nani, hatukuuliza. Tuliondoka mbio.

Wiki ya saba baada ya safari ile, saa sita mchana, wateja walimkuta shemeji dukani kwake. Amekaa kwenye cherehani, kichwa juu ya kitambaa. Zilibaki siku tisa afike hamsini. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo hakuna aliyelijua, limeshonwa kwa mkono. Nilipima bega kwa tepu yake mwenyewe. Kumi na nane. Halikuwa na vifungo. Mbele lilikuwa limeshonwa lote, kutoka kooni hadi chini. Alilivaaje, sijui. Sisi tulilikata kwa mkasi.

Daktari alichukua fomu nyingine. Penye sababu ya kifo hakuandika kitu.

Mimi si wa ukoo ule. Mimi nimeoa tu. Nalisema hilo kila siku, hata nikiwa bafuni peke yangu.

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa uani anaanika nguo, akaniita.

"Mume wangu, siku hizi unashonewa na nani?"

"Sishonewi na mtu."

Akanigeuzia shati langu la bluu, linachuruzika maji. Mgongoni, bega hadi bega, mstari wa chaki. Katikati, kwa mwandiko ule wa daftari, 19½. Na pembeni, alama ya kuuliza.

Amelifua mara tatu, chaki haitoki. Nanyi mtakaoniuliza kama kipimo hicho ni sahihi, nawaomba, msiniulize.