Kola ya Gauni la Dada

Kila siku baada ya shule, Kidoti alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa nguo, na alikuwa na mazoea yake: akishachora kitambaa kwa chaki, hapimi tena. Anakata kufuata alama, basi.

Juma lile alikuwa akishona gauni jipya la dada, aliyechaguliwa kuimba peke yake siku ya kufunga shule. Kidoti angevaa la zamani la dada huyohuyo. Roho ilimuuma. Dada ana sauti, dada ana gauni, dada ana sifa mtaa mzima; yeye ana ufagio! Mama alipotoka kununua uzi, Kidoti alifuta alama ya kola, akaichora upya sentimita mbili ndani.

"Tuone atakavyoimba," alinong'ona.

Siku ya kujaribu gauni, kola ilifungika kwa shida.

"Mama, inanikaba!" dada alilalamika.

Mama alipitisha vidole ili alegeze kifungo, akasita. Upande mmoja wa koo palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu kama harage. Kesho yake walikwenda hospitali, dada akachomwa sindano ya kuchukua kipimo cha uvimbe. Majirani wakamiminika na matunda, wote wakimuuliza dada hali. Kidoti alimwonea wivu hata kwa hilo, akajichukia.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote watatu. Ilikuwa saratani ya tezi ya kooni.

"Uvimbe umekua haraka?" aliuliza.

"Haraka mno! Nilimpima shingo mwenyewe. Siku tatu tu, kola ikamkaba."

Daktari alikunja uso. "Basi huenda ni ile inayokwenda mbio. Itabidi nibadili mpango wa matibabu."

Kidoti alimwona akiandika. Akinyamaza, dada angetibiwa kwa habari za uongo.

"Shingo haikukua," alisema huku akilia. "Chaki niliisogeza mimi. Nilimwonea wivu dada."

Mama alimgeukia kwa mshtuko. Daktari alifuta alichoandika. "Umefanya vizuri kusema, binti yangu."

"Lakini daktari," Mama aliuliza, "kwa nini saratani nyingine hutulia na nyingine husambaa?"

"Wewe ni fundi, utanielewa. Jeni zetu hutoa maagizo marefu kama jora la kitambaa. Kabla ya kutumika, hukatwa na vipande vyake kuunganishwa. Kuna protini zinazoonyesha pa kukata, kama chaki yako. Zikivurugika, jora ni lilelile, ila nguo inatoka nyingine. Seli inaweza kupata agizo la kubanduka na kuhamia kwingine. Hiyo ni sababu mojawapo, na watafiti bado wanaichunguza."

Dada alipasuliwa. Uvimbe ulitoka wote, na haukuwa umesambaa. Hakuimba siku ya kufunga shule, lakini alikuwa mzima.

"Kola yako imeniokoa," alimtania Kidoti kwa sauti iliyokwaruza.

"Usimsifu!" Mama alidakia. "Kola ilikuwa bahati. Kilichosaidia ni ukweli aliousema." Kisha akamvuta Kidoti karibu. "Mimi nami nilikosea, nilimshonea mmoja nikamsahau mwingine. Wivu humpata kila mtu, mwanangu. Ukikuuma, useme kwa mdomo. Usiuache ukafika mikononi."